Haki Iliyoishia Kwenye Mzani

Mwaka 2001 nilikuwa kijana wa kumsaidia baba kubeba magunia, na ninachokumbuka zaidi katika msimu ule ni ukimya wake. Alirudi kutoka mkutano wa chama cha msingi, akakaa barazani, akavua viatu, asiseme neno. Mama alimletea maji, akayaweka chini bila kuyanywa. Malipo ya pili, yale ambayo mkulima huyasubiri baada ya kahawa kuuzwa, hayakuwepo. Kile tulichopewa siku ya kupima kahawa ndicho kilikuwa hicho hicho. Wiki zilizofuata majirani zetu wawili waling'oa mibuni iliyopandwa na babu zao wakaifanya kuni, na kijiji kizima kikakubaliana jambo moja: mwenyekiti amekula hela.

Mwenyekiti hakula. Nilikuja kulijua hilo miaka mingi baadaye, nilipokabidhiwa makabrasha ya chama nikaanza kuyasoma karatasi moja moja. Mwaka 1989 ule utaratibu wa kugawiana viwango vya mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika. Kila nchi ikawa huru kupeleka sokoni kadiri ilivyoweza. Brazili ikaongeza, Vietnam ikapanda kutoka nyuma kabisa hadi nafasi ya pili duniani, na ilipofika mwaka 2001 bei ya soko la New York ilikuwa imeshuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili, yaani kama gramu 454. Kwa bei hiyo mkulima wa arabika, aina ya kahawa tunayolima sisi, hulima hasara. Lakini nani alituambia? Mwenyekiti mwenyewe hakuambiwa. Alipewa tarakimu ya mwisho, akaja kuisoma mbele za watu, akatukanwa, akajiuzulu, na amezikwa watu wakiwa bado wanamwita mwizi.

Naanza na mzee huyo kwa makusudi. Watu wakiniuliza biashara ya haki, yaani mpango wa kimataifa unaoitwa Fairtrade, imetufanyia nini, huwa wanasubiri nitaje bei, na bei nitazitaja. Ila kwa miaka yote niliyokaa na daftari la chama, kilichonifundisha zaidi ni suala la nani anajua hesabu na nani hajui, na nani ana ruhusa ya kuuliza.

Nilichaguliwa katibu mwaka 2009, mwaka uleule chama kilipopata cheti cha biashara ya haki. Nilijisomea asili ya jambo lenyewe ili nisiwe kasuku mbele ya wanachama. Alama ya kwanza ya kubandikwa kwenye kahawa ya haki ilianza Uholanzi mwaka 1988, ikaitwa Max Havelaar, na mbegu yake ilitoka Mexico, kwa wakulima wa kahawa wa Oaxaca waliokuwa wameunda ushirika wao unaoitwa UCIRI. Padri Mholanzi aliyeishi nao, Frans van der Hoff, akishirikiana na Nico Roozen wa shirika la Solidaridad, ndiye aliyeisukuma hoja ile kwao Uholanzi: wakulima hawa wanataka bei inayowatosha kuishi, si misaada. Mwaka 1997 alama za nchi mbalimbali ziliungana na kuwa shirika ambalo leo ni Fairtrade International, lenye makao yake Bonn, Ujerumani. Nilifurahi mno kugundua kwamba wazo hili lilianza kwa wenye jembe mkononi. Nikalieleza mkutanoni kwa sauti kubwa. Nadhani wengi walinivumilia tu siku hiyo, maana walichotaka kusikia ni tutapata ngapi.

Utaratibu wa kahawa ni huu. Kuna bei ya chini, ambayo mnunuzi hawezi kushuka chini yake hata soko likianguka vipi. Soko likipanda juu ya hapo, analipa bei ya soko. Juu ya yote anaongeza malipo ya ziada ambayo hayaendi mfukoni kwa mkulima mmoja mmoja; yanaingia kwenye akaunti ya chama, na mkutano mkuu ndio unaoamua yafanye nini. Tulipoanza, kwa arabika iliyooshwa, bei ya chini ilikuwa dola 1.25 kwa ratili na ziada senti 10. Mwaka 2011 ikawa dola 1.40 na ziada senti 20.

Kontena moja hubeba magunia kama 320 ya kilo 60. Kwa ziada ya senti 10, kontena letu la kwanza lilituletea dola 4,200 na ushee. Bodi ilikaa jioni moja, mimi nikiandika, ikaamua kuezeka upya ofisi na kununua samani. Hatukumwibia mtu. Risiti zote zilikuwepo, fundi alilipwa, mabati yalionekana. Tuliona tumefanya vizuri.

Kisha akaja mkaguzi wa cheti. Nilikuwa nimejiandaa kama mwanafunzi wa mtihani wa mwisho: orodha ya wanachama 412, idadi ya mibuni ya kila mmoja, mihtasari ya vikao, hati za mauzo, ufunguo wa stoo ya dawa. Alipitia makaratasi kwa muda mfupi kuliko nilivyotarajia, akafunga faili, akasema anataka kutembea. Tukashuka naye bondeni. Akamkuta mzee mmoja anapalilia, mwanachama tangu chama kianzishwe, akamwamkia, wakaongea habari za mvua, kisha akamuuliza: "Mzee wangu, mwaka huu chama chenu kilipata malipo ya ziada. Unajua yalikwenda wapi?"

Mzee akaegemea jembe, akanitazama mimi. "Muulize katibu, mwanangu. Hayo ni mambo ya ofisini."

Mkaguzi hakuniuliza. Aliandika mstari mmoja kwenye karatasi yake, tukaendelea kutembea. Jioni, kwenye orodha ya kasoro alizotupa tuzirekebishe kwa muda maalumu, ya kwanza ilikuwa hiyo: fedha za ziada zimetumika bila uamuzi wa mkutano mkuu. Usiku sikupata usingizi. Nilikuwa namuona baba barazani na viatu vyake. Sisi tuliokuja na cheti cha haki tulikuwa tumewaacha watu gizani vilevile walivyoachwa mwaka 2001, tofauti ni kwamba safari hii hela ilikuwepo.

Tulinunua ubao mweusi na chaki. Nikautundika ukutani kwenye banda la kupimia, mahali ambapo kila mwenye gunia lazima apite. Tukaandika kilo tulizokusanya, kilo tulizouza, bei tuliyouzia, makato moja baada ya jingine, na salio la ziada. Wiki mbili za kwanza watu walipita wakatazama kama wanavyotazama tangazo la mnada. Wiki ya tatu mama mmoja, ambaye shule aliishia darasa la nne, alisimama pale muda mrefu, kisha akaniita dirishani. "Katibu, hili gunia mmelikata hapa juu, na hapa chini mmelikata tena. Kwani kahawa yangu inasafiri na magunia mawili?"

Nikatoka nje na daftari. Alikuwa sahihi. Chama kikuu, kilicho juu ya vyama vya msingi kama chetu, kilikuwa kinakata gharama ya gunia kabla ya kutuletea fedha, na sisi tulikuwa tunaikata tena, kwa mazoea tu ya fomu ya zamani, na hakuna aliyejua mazoea hayo yalianza lini. Tulirudisha fedha za msimu ule kwa kila mtu. Haikuwa kubwa kwa mmoja mmoja. Lakini tangu siku ile ubao haukukosa watu, na yule mama tulimchagua kwenye kamati ya usimamizi, naye alitubana kweli kweli.

Ubao hata hivyo haukutuokoa mwaka 2011. Mwishoni mwa 2010 tulikuwa tumefunga mkataba bei ya New York ikiwa imepita kidogo dola 2. Tuliona tumepata neema. Ilipofika Mei 2011 soko likapita dola 3. Madalali wakaanza kupita nyumba kwa nyumba na mizani ya mkononi na hela taslimu, na sisi pale bandani tunatoa malipo ya awali ya bei ya zamani na ahadi ya malipo ya pili. Kahawa ikakauka ghalani. Watu waliuza usiku, wengine waliuza mchana bila hata kujificha. Kaka yangu, wa tumbo moja, aliuza yake yote.

Nilimwendea kwa hasira. Nilimwambia anaua chama kilichojengwa na baba. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. "Mdogo wangu," akasema, "wewe una daftari, mimi nina watoto wanne na shule zinafunguliwa Jumatatu. Dalali amekuja na hela. Nyinyi mmekuja na karatasi."

Kwa miaka kadhaa nilihesabu maneno yale kuwa ya usaliti. Leo naona alikuwa ananieleza tulipokosea. Masharti ya biashara ya haki yanaturuhusu kumwomba mnunuzi atangulize hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba ili chama kiwe na fedha za kulipa siku ya mzani. Hatukuwa tumeomba. Tulidhani ni kama kukopa, na bodi iliogopa madeni. Na bei tuliifunga mapema bila kuwa na kahawa mkononi, kitu ambacho ni kamari hata kama kinafanywa na watu waaminifu. Mnunuzi wetu alikubali kupokea pungufu na kwa kuchelewa. Angetaka, angetudai fidia na chama kingefungwa. Chama kisicho na fedha taslimu siku mkulima anapohitaji ada hakiwezi kumdai uaminifu, hata kiwe na vyeti vingapi ukutani.

Mwaka uliofuata tulikuwa na kontena moja la haki, ziada ni senti 20, yaani dola 8,400 na kitu. Safari hii tuliitisha mkutano mkuu. Niliandika ubaoni njia nne. Ya kwanza ilikuwa kugawana, na nikafanya hesabu mbele yao: kama dola 20 kwa kila mwanachama. Ukumbi ukagawanyika. Vijana walitaka mgawo. Wazee walitaka kuchangia shule. Kinamama wachache waliokuwa na uanachama walikaa upande mmoja, wakasemezana, wakamsimamisha mmoja wao, na yeye akasema wanataka vichanja vya kuanikia na mashine mpya ya kumenya. Akaeleza kwa nini. Kahawa ikianikwa chini kwenye turubai, mvua ikitisha, anayeamka saa nane za usiku kuikusanya ni nani? Mashine ya mkono ikikwama, anayeizungusha mpaka saa tano za usiku ni nani? Wanaume walitazama chini. Kura zilipopigwa, vichanja na mashine vilishinda kwa kura kumi na mbili.

Nakiri kwamba sikutegemea. Misimu miwili baadaye kahawa yetu ilipanda daraja, maana kahawa iliyokauka juu ya kichanja, hewa ikipita chini na juu, haipati ukungu wala harufu ya udongo. Ule upandaji daraja ulituletea fedha nyingi kuliko ziada yenyewe, na uliendelea kutuletea hata kwa kahawa tuliyouza nje ya mpango wa haki.

Madarasa nayo tulijenga baadaye, mawili, kwa ziada ya misimu miwili mfululizo. Mimi ndiye niliyeipigia debe hoja ile, na hapa sina hakika kama nilikuwa sahihi. Watoto wanasoma mle, na nikipita nikisikia wanaimba jedwali moyo hufurahi. Lakini kujenga shule ni wajibu wa waliokusanya kodi yetu. Tulipojenga sisi, hakuna aliyekuja tena kuuliza kama shule ina upungufu. Tukawa ndio tunaotazamwa hata kwa vitasa na madirisha. Hela ya mkulima iliyopatikana kwa jasho la bei ikafanya kazi ambayo hela nyingine ilikuwa imeshakatwa kuifanya. Ningepiga kura leo, ningepigia maji ya mtambo wa kuoshea kahawa, na shule ningeidai kwa barua na kwa miguu.

Kuna jambo ambalo wanywaji wa kahawa wengi hawalijui, na naliandika kwa uzito wote. Cheti hakimlazimishi mtu yeyote kununua. Kinakupa ruhusa ya kuuza kwa masharti ya haki ukimpata mnunuzi anayetaka masharti hayo. Sisi, msimu wa kawaida, tulikuwa na makontena matano. La haki lilikuwa moja. Manne yalikwenda kwa bei ya mtaani kama kahawa ya mtu mwingine yeyote, ingawa ililimwa, ikaoshwa na kukaguliwa kwa sheria zilezile. Fanya hesabu soko likiwa dola 1 na bei ya chini ikiwa dola 1.40: ukichanganya makontena yote matano, wastani ni dola 1.08. Ziada ya senti 20, ikitandazwa kwenye kahawa yote, ni senti 4. Hapo bado hujatoa ada ya ukaguzi, ambayo haipungui kwa sababu umeuza kidogo. Mkulima anayeambiwa "tuna bei ya haki" halafu anapokea wastani huo ana haki ya kuhoji, na ndiyo maana tuliandika ubaoni makontena ya haki ni mangapi na ya kawaida ni mangapi. Bila mstari huo, uongo ungekuwa umerudi kwa mlango mwingine.

Sasa nifike kwa wachumaji, maana hapo ndipo pananiuma.

Mwaka 2014 watafiti wa SOAS, chuo kilicho ndani ya Chuo Kikuu cha London, walitoa ripoti ya utafiti walioufanya kwa miaka minne Ethiopia na Uganda kwenye kahawa, chai na maua. Hawakuwatazama wakulima wenye mashamba. Waliwatazama vibarua, na wakasema katika maeneo yenye cheti cha Fairtrade waliyoyachunguza, vibarua walikuwa wanalipwa pungufu kuliko wenzao wa maeneo mengine. Fairtrade walipinga jinsi ulinganisho ulivyofanywa. Niliposimuliwa habari hiyo kwenye semina moja nilikasirika. Nilisimama nikasema watu hawa hawajui ushirika ni nini, wanalinganisha mkulima mdogo na shamba kubwa. Nilipigiwa makofi.

Nikarudi nyumbani, na msimu ukaanza. Asubuhi moja nilikuwa shambani kwa kaka yangu. Alikuwa na wachumaji saba, wengi wanawake kutoka vijiji vya mbali, wasio na mibuni yao. Malipo ni kwa debe. Dada mmoja alileta debe limejaa mpaka ukingoni. Kaka akalitikisa, kahawa ikashuka. Akamwambia ajazie. Dada akajazia. Kaka akalitikisa tena, akataka liwe na mlima juu, na punje zilizodondoka akamwambia aokote. Halikuwa debe tena. Lilikuwa lumbesa. Sisi ambao kwa miaka yote tulilia kuhusu lumbesa za madalali na mizani yao iliyochezewa, tulikuwa tumesimama pale, na mimi katibu wa chama cha haki nikiwa na kalamu sikioni, tunamfanyia mtu lilelile.

Yule dada aliokota punje. Alipoinuka akanitazama. "Shikamoo katibu," akasema, kwa heshima kabisa. "Nasikia nyinyi mnauza kahawa ya haki. Hiyo haki inaanzia wapi? Maana huku kwenye miti hatujaiona."

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitalifikisha kwenye kikao, neno ambalo viongozi tunalitumia tukitaka mtu aondoke. Ila lilinifuata. Nikatoa kanuni za viwango nikazisoma upya. Katika mashamba makubwa yenye cheti, ya maua au chai, wafanyakazi wenyewe ndio wanaochagua kamati ya kusimamia ziada. Katika vyama vya wakulima wadogo kama chetu, ziada ni ya wanachama, na kibarua si mwanachama. Kwa hiyo mkata maua anapiga kura juu ya ziada, na mchumaji wa kahawa kwenye shamba la kaka yangu hana kura, hana kiti, hata jina lake halimo kwenye daftari langu. Kanuni zinakataza kumdhulumu, ni kweli. Lakini kanuni isiyo na mtu wa kuidai hubaki kwenye faili.

Na lipo la upande wa mkulima, silifichi. Kaka yangu hana fedha za kutupa. Uvunaji ni gharama kubwa kuliko zote shambani, kwa sababu kahawa nzuri huchumwa punje nyekundu tu, mti uleule unarudiwa mara kadhaa. Kwa wastani ule wa dola 1.08, ukimlipa mchumaji vizuri unabaki na nini? Haki ya bei ikiwa nyembamba juu, inamkatikia aliye chini kabisa. Lakini kutikisa debe si suala la umaskini. Kutikisa debe ni kuchukua.

Nilipeleka hoja mbili mkutano mkuu uliofuata: wachumaji wapimiwe kwa kilo kwenye mzani badala ya debe, na sehemu ya ziada itengwe kwa ajili yao. Zilianguka zote mbili. Mwanachama mmoja alisema, "Leo mchumaji, kesho mtatwambia na ndege wanaokula kahawa." Watu walicheka. Mimi sikuweza. Mwaka uliofuata nilizirudisha, safari hii nikaanza na mama wa kamati ya usimamizi, yule wa magunia mawili. Alisimama akawaambia wakumbuke mizani ya dalali, kila mtu ataje siku alipopunjwa. Wakaanza kutaja. Ilichukua saa nzima. Hoja ya mzani ikapita. Ya fedha ikaanguka tena.

Habari ya wanawake wenye mashamba niiseme kwa ufupi, maana ilikwenda vizuri kuliko nilivyoogopa. Uanachama wetu ulifuata jina la mwenye ardhi, na mwenye ardhi karibu siku zote alikuwa mume. Tulibadili katiba, uanachama ukafuata mibuni: mume anaweza kumwandikisha mkewe mibuni 50 au zaidi, na malipo ya mibuni hiyo yanaingia kwa jina la mke. Wachache walinuna. Wengi waliona kahawa ya nyumba zao imeongezeka, kwa kuwa anayepalilia ndiye anayelipwa.

Mwaka 2019 soko lilianguka tena chini ya dola 1. Hapo ndipo niliona thamani ya ile bei ya chini kwa macho. Kontena moja la haki, kwa dola 1.40, ndilo lililolipa makarani, dizeli ya mashine na malipo ya pili, madogo lakini yaliyokuwepo. Waliotukimbia mwaka 2011 walirudi mmoja mmoja, kaka yangu akiwemo, na hakuna aliyewauliza walikokuwa. Msimu ule hakuna aliyeng'oa mibuni. Na hakuna aliyemwita mwenyekiti mwizi: bei ya New York ilikuwa ubaoni kila Jumatatu, ikishuka mbele ya macho ya wote.

Agosti 2023 bei ya chini ilipanda hadi dola 1.80. Kisha mwanzoni mwa 2025 soko likaruka juu ya dola 4, kiwango ambacho kabla ya hapo hakikuwa kimewahi kuonekana, na madalali wakarudi na hela taslimu kama mwaka 2011. Safari hii hatukuwa tumefunga bei kabla ya kuwa na kahawa, na tulikuwa tumeomba fedha za kutangulizwa. Tulipoteza baadhi ya kahawa, si yote. Katika mwaka wa neema kama huo nilitegemea wakulima wangekumbuka mikono inayochuma. Baadhi walipandisha malipo ya kilo. Baadhi hawakupandisha hata senti.

Yule dada bado anachuma. Siku hizi mzani wa kwa kaka yangu umening'inizwa chini ya mwembe, na uso wake wa namba umeelekezwa upande wa wachumaji. Msimu uliopita nilimkuta anasoma kilo zake kwa sauti, kisha anatoa daftari dogo kwenye kibegi na kuandika tarehe, kilo, jina la mwenye shamba. Nilimwomba nilione. Alikuwa ameandika msimu mzima, mashamba manne. Tukalinganisha na karatasi za kaka. Siku tatu hazikulingana, na katika zote tatu daftari lake ndilo lililokuwa sawa. Kaka alimlipa tofauti palepale, bila maneno.

Mkutano mkuu ni mwezi ujao. Hoja ya kutenga sehemu ya ziada kwa wachumaji ipo kwenye ajenda, namba nne, kwa mara ya tano sasa. Wachumaji bado hawana kura. Lakini bodi imeniruhusu kumwalika mmoja wao aseme kabla ya kura kupigwa, na nimeshamwandikia barua ya mwaliko kwa jina lake kamili. Ameniuliza kama anaweza kuja na daftari.